Kopo la Mkaa na Shahada ya Mtafiti

"Katika siku saba zilizopita, kaya hii imetumia mkaa kiasi gani?"

"Makopo manne," anajibu mama, mikono haijaacha kuchambua mchele.

Mdadisi anainamia kishikwambi. Orodha ya vipimo ina kilo, gunia, debe na, mwisho kabisa, "nyingine, taja". Kopo halimo. Anauliza ni kopo lipi. Mama anainuka, anaingia jikoni, anarudi na kopo la rangi lililokatwa mdomo kwa kisu, kitako chake kimesukumwa ndani kikatuna. "Ndilo anapimia yule wa pale kona," anasema.

Dakika kama hiyo hujirudia tena na tena katika kila utafiti mkubwa wa kaya, na kwa wiki kadhaa sasa imekataa kunitoka kichwani. Jibu la mama lina safari ndefu mbele yake. Litapita kwa msimamizi wa timu, kwa msafishaji wa data, kwa mtakwimu, kwa mchumi, kwa mwandishi wa ripoti, hadi liingie kwenye sentensi moja ya sera kuhusu nishati ya kupikia. Kati ya hao wote, nani anajua kwamba kitako cha kopo kimesukumwa ndani?

Hao watu wametoka wapi? Walisomea nini, na kabla ya hapo walikaa wapi?

## Ukurasa tunaouruka

Ripoti ya sera huwa na ukurasa wa majina. Tunauruka kwenda kwenye muhtasari, tunachukua asilimia mbili tatu, tunaenda kubishana. Lakini ukurasa ule ndio unaoeleza kwa nini ripoti imeuliza ilichouliza na kunyamaza iliponyamaza.

Kwa Tanzania, njia ya mtafiti wa sera za uchumi inajulikana. Shahada ya kwanza ya uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au uchumi kilimo Sokoine kule Morogoro, au mipango Dodoma, au takwimu katika Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichoanza mwaka 1961. Kisha uzamili, kazi ya mtafiti msaidizi katika taasisi za utafiti wa sera kama REPOA au ESRF, na anayebahatika anapata nafasi ya uzamivu. Kenya njia inapita KIPPRA, taasisi ya serikali ya utafiti wa sera, ambako programu ya wataalamu vijana huwakalisha wahitimu pamoja na watumishi wa umma mwaka mzima wakijifunza kuchambua sera.

Kizazi cha kwanza cha wachumi wa Tanzania kilisomea ng'ambo. Justinian Rweyemamu alipata uzamivu wake Harvard, Benno Ndulu Northwestern, Ibrahim Lipumba Stanford. Mambo yalibadilika baada ya AERC, muungano wa utafiti wa uchumi barani Afrika, kuundwa mwaka 1988, makao yakiwa Nairobi. Mwaka 1993 ilianza programu ya pamoja ya uzamili: vyuo vinafundisha masomo ya msingi nyumbani, kisha wanafunzi kutoka nchi mbalimbali wanakusanywa Nairobi kwa masomo ya kuchagua. Uzamivu wa pamoja ukafuata mwaka 2002.

Matunda yake ni makubwa. Mchumi wa Dar es Salaam na wa Lusaka leo wanasoma jedwali moja wakaelewana bila mkalimani. Waliandaliwa hapa hapa, wakabaki hapa, na benki kuu na wizara za fedha zimejaa wahitimu hao.

Ila waliofundwa pamoja husahau pamoja.

Mwanafunzi wa uzamili wa uchumi mara nyingi hupewa data iliyokwisha kusafishwa. Anafungua Stata, programu ya kuchambua takwimu, anakuta safu ya "kiasi" na safu ya "kipimo", anaendesha modeli. Anaweza kumaliza shahada mbili bila kuona dodoso likijazwa hata mara moja. Hapo hakuna kosa lake. Muhula una wiki chache, na ekonometriki, yaani kupima uchumi kwa njia za takwimu, peke yake inazimaliza zote.

## Neno moja, masikio matatu

Chukua neno "ajira". Mweke mezani mwanasheria, mtakwimu wa nguvukazi na mwanasosholojia.

Mwanasheria anasikia mkataba, mwajiri, makato ya hifadhi ya jamii. Mtakwimu anasikia mtu aliyefanya kazi walau saa moja, kwa malipo au kwa faida, katika siku saba za rejea. Mwanasosholojia anamsikia mama aliyeulizwa "unafanya kazi?" akajibu "hapana, nipo tu nyumbani", na haandiki kwamba hana kazi. Anamuuliza ameamka saa ngapi. Ndipo vitumbua vya alfajiri vinapojitokeza, na bustani ya mchicha, na kuku kumi na mbili.

Wote watatu wako sahihi ndani ya fani zao. Balaa huanza pale mmoja anapoandika sura ya ajira peke yake.

Mwaka 2013 watakwimu wa kazi wa dunia, katika mkutano wao wa 19 chini ya Shirika la Kazi Duniani, walitenganisha rasmi kazi na ajira. Kulima kwa ajili ya chakula cha nyumbani kukabaki kuwa kazi, lakini kukatoka kwenye hesabu ya ajira. Katika nchi ambayo watu wengi wanalima ili wale, uamuzi huo unaweza kuhamisha umati kutoka safu moja kwenda nyingine. Mtu asiyetoka kwenye takwimu za nguvukazi huchukua namba ya zamani na namba mpya, akazichora kwenye mstari mmoja, akaandika kwamba ajira vijijini imeporomoka.

Wakati huo hakuna jembe lililosimama.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. Jaribio lililofanywa Tanzania lililinganisha sehemu fupi ya maswali ya kazi na sehemu ndefu yenye maswali ya kuchokonoa, likalinganisha pia mtu kujijibia na mtu kujibiwa na mwingine. Sehemu fupi ilipunguza kiwango cha wanawake walioonekana kuwa na kazi. Kujibiwa na mwingine kulipunguza cha wanaume, zaidi kwa sababu kilimo chao hakikutajwa. Mchumi anayepokea data mwishoni hawezi kulitengeneza hilo kwa modeli yoyote. Lilitakiwa kuamuliwa wakati dodoso likiandikwa, na kwenye meza ile alihitajika mtu mwenye masikio ya yule mwanasosholojia.

## Siku 28, siku 14

Kwenye kupima umaskini fani hizi hugongana kwa gharama kubwa zaidi.

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa Tanzania Bara wa 2017/18 ulichagua maeneo 796 ya kuhesabia watu na kaya 12 katika kila eneo. Kaya 9,463 zilikamilisha. Mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi uliwekwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, wa chakula shilingi 33,748. Waliokuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 26.4, kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12.

Watu waligombania hiyo pointi moja na nukta nane. Wachache waliuliza kuhusu shajara.

Shajara ni daftari ambamo kaya huandika kila siku kilicholiwa, kilichonunuliwa, kilichovunwa na kilichotolewa zawadi. Mwaka 2011/12 ilijazwa siku 28. Mwaka 2017/18 ikawa siku 14. Aliyewahi kusimamia zoezi hilo anajua sababu ya kufupisha: wiki ya kwanza kurasa zinajaa hadi pembezoni, chumvi imo, kiberiti kimo, ya pili zinaanza kupwaya, ya nne mtu anaandika "ugali, mboga" siku tatu mfululizo kwa kalamu ileile na mwandiko uleule, ishara kwamba amekaa siku moja akazijaza zote. Kufupisha kunaboresha kinachoandikwa. Kunaleta pia swali la namna ya kulinganisha na mwaka wa nyuma, na swali hilo linahitaji mtakwimu mwenye ujasiri wa kuliandika wazi kwenye ripoti, mahali ambapo mwandishi wa habari ataliona.

Kiasi gani dodoso linaweza kuigeuza namba? Mwaka 2007 na 2008 watafiti walifanya jambo ambalo natamani kila mchambuzi wa sera alifahamu. Walichukua kaya zipatazo 4,000 katika wilaya 7 za Tanzania na kuzigawa kwa bahati nasibu kwenye matoleo 8 ya maswali ya matumizi: wengine shajara, wengine kukumbuka siku 7, wengine siku 14, wengine orodha ndefu ya vyakula, wengine fupi. Nchi ileile, miezi ileile. Kiwango cha wenye njaa kilitoka asilimia 19 hadi asilimia 68, kutegemea tu mtu aliangukia toleo lipi.

Soma tena hizo namba mbili.

Chakula kinacholiwa nje ya nyumba hupotea kwanza. Kijana amekula chipsi kibandani, mama hajui, shajara haijui. Kisha linakuja fungu la nyanya: bei inabaki shilingi 500 mwezi hadi mwezi, lakini nyanya zilikuwa sita, sasa ni nne. Anayerekodi bei bila kupima uzito ataapa kwamba bei haikupanda. Mtu wa uchumi kilimo hukamata jambo hili mapema, kwa sababu amefundishwa kutembea na mizani na amewahi kuiona lumbesa ikishonwa kamba juu ya gunia. Ndiyo maana kwenye timu ya bei na matumizi ningemtafuta huyo kabla ya mwenye uzamivu wa uchumi mpana.

## Hapa hoja yangu iligonga mwamba

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo: changanya fani, mambo yatanyooka. Nilikuwa nimeshaanza kuamini hivyo.

Kisha nikaikumbuka ripoti ya Helleiner ya mwaka 1995. Uhusiano wa Tanzania na wafadhili wake ulikuwa umeharibika, na Denmark, kwa makubaliano na serikali, ikagharimia timu huru ya kuutazama. Wajumbe walikuwa watano: Gerald Helleiner, Tony Killick, Ibrahim Lipumba, Benno Ndulu na Knud Erik Svendsen. Wachumi watupu. Hakukuwa na mwanasosholojia, hakukuwa na mwanasheria wala mtaalamu wa siasa.

Na bado ilikuwa ripoti ya mahusiano ya watu: nani anaamua, nani ananyamaza mkutanoni, nani anauita mpango wake ilhali umeandikwa na mwingine. Iliwasema wafadhili na serikali kwa pamoja, na mapendekezo yake yakawa msingi wa mazungumzo ya pande hizo mbili kwa miaka iliyofuata.

Wachumi watano waliwezaje?

Tazama walikokaa. Helleiner aliongoza Ofisi ya Utafiti wa Uchumi ya chuo cha Dar es Salaam miaka ya 1960. Svendsen alikuwa mshauri wa uchumi wa Mwalimu Nyerere. Lipumba alitoka kuwa mshauri wa uchumi wa Rais Mwinyi. Ndulu alifundisha Dar es Salaam kabla ya kwenda AERC. Mambo waliyoyaandika walikuwa wameyaishi kutoka pande zaidi ya moja za meza.

Shahada, basi, inaeleza nusu. Nusu nyingine ni viti ambavyo mtu amekalia. Mchumi aliyewahi kuandaa bajeti ya halmashauri anajua kwa nini fedha za maendeleo hufika mwezi Mei zikatakiwa kutumika kabla ya Juni kwisha. Mwanasosholojia asiyewahi kukaa huko anaweza kuyaita matumizi hayo uzembe wa watendaji.

Niliibadilisha hoja yangu, nikaacha kutafuta majina ya fani peke yake.

## Siku tano za mtaalamu wa jinsia

Bado kuna namna ya kuchanganya fani ambayo haichanganyi chochote, na inaumiza kuiona.

Zabuni nyingi za utafiti huweka alama 70 au 80 kati ya 100 kwenye ubora, zinazobaki kwenye bei, na sehemu nzuri ya ubora ni wasifu wa wataalamu. Kwa hiyo wasifu unakusanywa: kiongozi wa timu mwenye uzamivu na miaka mingi ya kazi, mchumi, mtakwimu, mtaalamu wa jinsia, mtaalamu wa mazingira. Kwenye karatasi timu inapendeza.

Geuza hadi jedwali la siku za kazi. Mchumi siku 45. Mtakwimu siku 30. Mtaalamu wa jinsia siku 5, zote mwishoni, chini ya kichwa "kupitia rasimu". Atapitia nini, na dodoso limeshauliza "mkuu wa kaya ni nani" likaishia hapo? Mama alimtaja mume aliye machimboni mwaka wa pili sasa, kwa sababu ndivyo adabu inavyotaka ajibu mbele ya mgeni. Kaya ikaingia kwenye data kama inayoongozwa na mwanaume. Siku tano za mwishoni haziwezi kumrudisha mume, wala kumpa mama nafasi yake. Siku mbili za mwanzo zingetosha: ongeza swali la nani amelala hapa usiku wa jana, na la nani aliamua mahindi yauzwe lini.

Fani hizi zina mizizi mirefu hapa kwetu. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, alishiriki miaka ya 1970 katika mradi wa Jipemoyo, Bagamoyo, ambamo wanakijiji walikuwa washiriki wa utafiti, siyo wahojiwa tu. Marjorie Mbilinyi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametumia miongo mingi kuonyesha kazi ya wanawake ambayo hesabu za kawaida hazikuiona. Baada ya kazi kama hizo, kuwarudisha warithi wao kwenye siku tano za kupitia rasimu ni kupoteza urithi.

## Kagera, na watu wasio na ukurasa

Mwaka 1991 ulianza Kagera utafiti uliochagua kaya zaidi ya 900. Swali lilikuwa la wachumi wa afya: ukimwi unapoua watu wazima, uchumi wa kaya unakuwaje? Kaya zilitembelewa hadi 1994.

Timu iliporudi mwaka 2004 ilikuwa na uamuzi mgumu. Ingeweza kurudi kwenye nyumba zilezile na kuhoji waliobaki, kazi rahisi na ya bei nafuu. Ilichagua kuwafuata watu: waliokwenda Mwanza, waliokwenda Dar es Salaam, waliovuka kwenda Uganda. Katika zaidi ya kaya tisa kati ya kila kumi za mwanzo, alipatikana walau mtu mmoja. Matokeo yakafungua mlango ambao swali la mwanzo halikuugusa: kati ya watu waliokuwa kaya moja, matumizi ya waliohama yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ya waliobaki.

Wangehoji waliobaki peke yao, Kagera ingeonekana maskini kuliko safari ya watu wake.

Kumpata mtu aliyehama miaka kumi iliyopita si kazi ya ekonometriki. Unaanza na mjumbe wa nyumba kumi, unaulizia shangazi aliyeolewa kijiji cha jirani, unajua kwamba jina la kwenye karatasi ni la ubatizo na kijijini anaitwa jina jingine. Unajua salamu ya kuanzia na muda wa kukaa kabla ya kutoa daftari. Ujuzi huo ni wa mdadisi na msimamizi wake, na wengi wao wana stashahada, au shahada isiyohusiana kabisa na uchumi: ualimu, ustawi wa jamii, uhasibu. Aliyesomea ualimu mara nyingi ndiye bora, maana anasubiri jibu bila kumlisha mhojiwa maneno.

Dodoso limeandikwa Kiswahili. Bibi anajibu Kiha. Mdadisi anatafsiri papo hapo, na mwenzake kijiji cha pili anatafsiri kivingine. Mwenye akili hatamki "siku saba zilizopita". Anasema "tangu gulio la Jumatano", bibi anahesabu mwenyewe. Hilo halimo kwenye mwongozo wa mafunzo. Lilimo kichwani mwake, na mkataba wake wa miezi kadhaa ukiisha linaondoka naye.

Jina lake, likiwekwa, linawekwa kwenye kiambatisho cha mwisho, kwa mpangilio wa alfabeti.

## Ninavyousoma wasifu sasa

Naanza na vitenzi. "Aliongoza", "alishauri" na "aliratibu" havinielezi kitu. "Aliandika dodoso", "alifundisha wadadisi", "alisafisha data", "alipima vipimo vya sokoni" vinanieleza. Natafuta kama kuna mtu mmoja katika timu aliyegusa kazi yote, kutoka orodha ya kaya hadi jedwali la mwisho. Asipokuwepo, makosa hujificha kwenye maungio. Naangalia kama kiongozi wa timu ametengewa siku za kwenda uwandani wakati wa dodoso la majaribio, siyo siku ya uzinduzi. Na naangalia kama msimamizi wa wadadisi ana siku za kazi kwenye hatua ya uchambuzi, kwa sababu ndiye pekee atakayeitazama namba ya ajabu na kusema, "Hiyo ni wilaya ya bwawa, wanapima dagaa kwa ndoo."

Na lile kopo?

Mdadisi ameandika kwenye "nyingine, taja": kopo la rangi, kitako kimesukumwa. Ofisini maandishi ya namna hiyo yatakuwa mamia. Yupo anayejua la kuyafanya: unayapanga kwa mikoa, unakwenda sokoni, unanunua makopo matatu kutoka kwa wauzaji watatu tofauti, unapima kila moja kwa gramu, unalipiga picha likiwa kando ya chupa ya soda ili mdadisi wa mwaka ujao alitambue. Inahitaji siku mbili kwa kila soko, mizani moja na fedha ya kununulia mkaa. Yasipofanyika, jibu la mama linafutwa, na mahali pake inawekwa kilo ya katikati ya majirani waliojibu kwa kilo, ambao ndio wenye uwezo wa kununua gunia zima.

Katika bajeti ya utafiti kazi hiyo hukaa kwenye mstari mmoja: mizani na ununuzi wa sampuli. Siku hizi nautafuta mstari huo kwanza.